Kuteleza kwenye mawimbi makubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka ikifika Oktoba, video za Nazaré, mji wa pwani ya Ureno ambako watu huteleza kwa ubao juu ya mawimbi makubwa, huanza kusambaa kwenye simu, na maswali huwa yale yale. Lile wimbi ni la kweli? Yule mtu alipona? Mtu mwenye akili timamu anafuata nini kule? Hapa nimekusanya yale yanayorudi zaidi na kuyajibu. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Mengine yanatosha kwa mistari mitatu. Palipo na jibu linalotegemea jingine nimeweka namba.

## Mambo ya msingi

1. Wimbi likiwa na kimo gani ndipo huitwa kubwa?

Hakuna mpaka rasmi, ila wenye mchezo huanza kulihesabu wimbi kuwa kubwa uso wake unapofika futi 20 hivi, yaani mita 6. Chini ya hapo ni mchezo wa kawaida, hata kama kwako na kwangu ni wimbi la kukimbia.

Angalizo moja: watu wa Hawaii wana kipimo chao. Hulikadiria wimbi kana kwamba wanalitazama kwa mgongoni, kutoka upande wa bahari kuu, na jibu huwa karibu nusu ya kimo cha uso wake. Mzee wa pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Oahu akikuambia "futi 20", wewe uliyesimama ufukweni unaona ukuta wa futi 40, yaani mita 12. Ndiyo maana namba za zamani huonekana ndogo ukizilinganisha na za leo.

2. Mawimbi haya yanatoka wapi? Ni tsunami?

Si tsunami. Tsunami huzaliwa sakafu ya bahari inaposogea ghafla, kama ilivyotokea Sumatra tarehe 26 Desemba 2004, maji yakafika hadi Somalia, Kenya na Tanzania na kuua watu. Maji ya namna hiyo huja na kuendelea kuja kwa dakika nyingi, na hayana uso safi ambao ubao unaweza kuteremka.

Mawimbi tunayoyazungumzia hapa yanatokana na upepo wa dhoruba zilizo mbali. Ukubwa wake hutegemea upepo una nguvu kiasi gani, umevuma kwa muda gani, na umepita juu ya bahari tupu kwa umbali gani. Yakishaiacha dhoruba husafiri kwa siku kadhaa, na njiani hujipanga: yale ya haraka hutangulia, ya polepole hubaki nyuma. Wanaofuatilia utabiri hawaangalii kimo peke yake. Huangalia kwanza sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi. Sekunde 8 ni bahari iliyochafuliwa na upepo wa jirani. Sekunde 18 au 20 ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa wimbi la sekunde 20 lina mzizi mrefu, na huanza kuihisi sakafu ya bahari likiwa bado kwenye kina cha mita 300.

3. Kwa nini hutokea sehemu chache tu duniani?

Kwa sababu dhoruba kubwa haitoshi. Pwani lazima iwe na sakafu inayopanda ghafla kutoka kilindini: mwamba, au bonde la chini ya maji linaloelekeza nguvu ya bahari mahali pamoja. Sakafu ikipanda polepole, wimbi hupoteza nguvu zake njiani na kufika limechoka. Tena panatakiwa mlango, yaani sehemu ya kina pembeni ambako wimbi halivunjiki, ili watu wapate pa kupitia na boti za uokoaji pa kusubiri. Yapo mawimbi makubwa sana duniani ambayo hayana mlango huo. Huanguka yote kwa mpigo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na hayo hayana faida kwa mtu yeyote.

4. Msimu wake ni upi?

Kaskazini mwa dunia (Hawaii, California, Ureno, Ireland) ni Oktoba hadi Machi. Kusini (Chile, Tahiti, Afrika Kusini, Tasmania) ni zaidi Aprili hadi Septemba. Wenye uwezo huzunguka dunia wakifuata baridi.

## Historia

5. Nani aliuanzisha mchezo huu?

Wahawaii na ndugu zao wa visiwa vya Polinesia ndio walioufanya kuwa sehemu ya maisha yao, ibada ikiwemo. Machifu walikuwa na mbao ndefu ziitwazo *olo*, zinazozidi mita 4. Watu wa kawaida walitumia *alaia*, fupi na nyembamba. Kabla ya kukata mti wa kuchonga ubao, fundi aliweka chini ya shina samaki mwekundu aitwaye *kumu*, wa jamii ya mkundaji, akaomba dua, ndipo shoka likapita. Maofisa waliosafiri na James Cook waliuandika mchezo huu mwishoni mwa miaka ya 1770, na walistaajabu kuona watu wakiifuata bahari ambayo wao waliikimbia.

Hawaii haikuwa peke yake. Katika miaka ya 1640 msafiri wa Kijerumani, Michael Hemmersam, aliandika alivyoona watoto wa Ghana ya leo wakicheza mawimbini na vipande vya mbao. Wavuvi wa Peru nao tangu kale hurudi ufukweni juu ya vyombo vya matete wakibebwa na mawimbi. Anayesema Mwafrika hana historia na ubao hajasoma vya kutosha.

Karne ya 19 ilikaribia kuuzima mchezo huu Hawaii. Magonjwa ya wageni yaliua sehemu kubwa ya wenyeji, na wamishenari waliofika mwaka 1820 waliuona ni upuuzi wa kishenzi. Ulifufuka Waikiki mwanzoni mwa karne ya 20.

6. Duke Kahanamoku anahusikaje?

Alikuwa Mhawaii aliyeshinda dhahabu ya kuogelea mita 100 kwenye Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912 na ya Antwerp mwaka 1920, akatumia umaarufu huo kuutangaza ubao wa kwao California na Australia. Hayo hujulikana. Lisilotajwa sana ni la tarehe 14 Juni 1925, Newport, California: boti ya uvuvi iitwayo *Thelma* ilipinduliwa na mawimbi kwenye mlango wa bandari. Duke alichukua ubao wake akaingia na kutoka hadi akaokoa watu wanane. Ubao ule ulikuwa chombo cha uokoaji kabla haujawa biashara, na kwa maoni yangu ukilisahau hilo huwezi kuuelewa utamaduni huu.

7. Kufuata mawimbi makubwa hasa kulianza lini?

Kulianzia Makaha, magharibi mwa Oahu, kwa vijana wa Honolulu walioanza kuchonga mbao zenye mkia mwembamba usioteleza pembeni kwenye mteremko mkali. Mwaka 1953 picha ya watu watatu, Woody Brown, George Downing na Buzzy Trent, wakiteremka wimbi kubwa la Makaha ilichapishwa kwenye magazeti ya Marekani, na vijana wa California wakafunga mizigo.

Waimea, ghuba iliyo pwani ya kaskazini, iliogopwa kwa sababu ya tukio la tarehe 22 Desemba 1943. Woody Brown na kijana Dickie Cross walikuwa ufukwe wa Sunset, pwani hiyo hiyo, bahari ilipoumuka ghafla na kuwafungia njia ya kurudi. Waliona ni heri wasogee kwa mikono hadi Waimea, kilomita kadhaa, wakiamini kina cha ghuba kitawapa nafasi ya kupita. Walipofika jua lilikuwa linazama, na ghuba yenyewe ilikuwa imefungwa na mawimbi kutoka rasi hadi rasi. Cross alipotea, na mwili wake haukupatikana. Brown alitupwa mchangani usiku, uchi, bila ubao.

Miaka 14 ilipita watu wakitazama tu wakiwa barabarani. Tarehe 7 Novemba 1957 Greg Noll na wenzake wachache waliingia Waimea na kutoka salama, na kuanzia siku hiyo ghuba ile ikawa kipimo cha kila mtu. Noll alimaliza safari yake Makaha mwaka 1969, kwenye dhoruba kubwa ya Desemba, kwa wimbi moja ambalo halikupigwa picha. Baada ya hapo hakutafuta tena kubwa zaidi.

8. Eddie Aikau ni nani, na kwa nini jina lake limeandikwa kila mahali?

Ukimjua mtu mmoja tu katika mchezo huu, awe huyu. Alizaliwa kisiwani Maui, Hawaii, mwaka 1946, na mwaka 1968 akawa mwokoaji wa kwanza wa serikali ya mji katika ghuba ya Waimea. Watu anaotajwa kuwaokoa wanazidi 500, wengi wao watalii na askari waliodanganywa na maji yaliyoonekana kutulia. Na bahari ilipochafuka kiasi cha wengine kupanda juu kwenye mawe, yeye aliingia na ubao wake mwekundu, akateleza kwa raha zake, akarudi kazini.

Mwaka 1978 alichaguliwa kuwa baharia wa *Hōkūle'a*, chombo cha matanga cha mitumbwi miwili iliyoungwa, kilichojengwa kuonyesha kwamba mababu wa Polinesia waliweza kufika mbali kwa kusoma nyota na mawimbi. Kiliondoka Honolulu tarehe 16 Machi kuelekea Tahiti na usiku huo kikapinduka kwenye mkondo wa Molokai. Asubuhi, wenzake wakiwa wameshikilia chombo kilichogeuka, Eddie alipanda ubao na kuelekea kisiwa cha Lanai kutafuta msaada. Wenzake waliokolewa baadaye siku ile ile. Yeye hakuonekana tena.

Shindano lenye jina lake hufanyika Waimea siku zile tu ambazo uso wa wimbi unafika futi 40. Ikiwa msimu mzima hakuna siku kama hiyo, hakuna shindano. Ndiyo maana tangu lianze katikati ya miaka ya 1980 hadi mwisho wa 2024 limefanyika mara 11 tu. Lile la kwanza lililofanyika Waimea alishinda Clyde, mdogo wake Eddie. La tarehe 22 Januari 2023 alishinda Luke Shepardson, mwokoaji aliyekuwa zamu siku hiyo hiyo. Aliomba ruhusa ya kutoka kwenye kibanda, akashindana, akarudi kibandani kuendelea kulinda watu. Sijui mchezo mwingine wenye bingwa wa namna hiyo.

9. Kuvutwa kwa pikipiki ya majini kulianzaje? Si kudanganya?

Wimbi kubwa linakwenda kasi kuliko mikono ya binadamu. Mtu aliyelala juu ya ubao akipiga maji hawezi kulifikia, au hulifikia limeshasimama wima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Laird Hamilton, Buzzy Kerbox na Darrick Doerner walianza kuvutana kwa boti ya mpira yenye injini, baadaye kwa pikipiki za majini, na wakapeleka ufundi huo Pe'ahi, kisiwani Maui. Kwa kuwa mwendo uliletwa na injini, ubao uliweza kuwa mfupi na mzito, wenye mikanda ya kushika miguu.

Kama ni kudanganya, ubishi haujaisha. Miaka ya karibuni wengi wamerudi kutumia mikono hata Pe'ahi, na shindano la kwanza la mikono pale lilifanyika mwaka 2015. Msimamo wangu: wimbi linalowezekana kwa mikono lichukuliwe kwa mikono. Kwa mawimbi ya Nazaré ya siku kubwa kabisa, injini ndiyo njia pekee inayowezekana, na anayeendesha pikipiki ile anastahili nusu ya sifa.

## Maeneo

10. Nazaré ina nini cha pekee?

Ina bonde. Chini ya bahari, bonde linaloitwa kwa jina la mji huo limetanda kwa zaidi ya kilomita 200, kutoka kina kinachokaribia mita 5,000, na kichwa chake kinaishia karibu kabisa na rasi yenye ngome ya São Miguel Arcanjo na mnara wake mwekundu wa taa. Wimbi likija kutoka Atlantiki, sehemu inayopita juu ya bonde hubaki na kasi yake kwa kuwa pana kina. Sehemu iliyo kaskazini, juu ya sakafu ya karibu, hupunguza mwendo. Ile ya bondeni hupinda, na mbele ya ufukwe wa Praia do Norte zinakutana na kupandana. Maji yanayorudi kutoka ufukweni huongeza kimo kingine. Mji upande wa kusini wa rasi unaweza kuwa na bahari ya kawaida wakati kaskazini kuna milima.

Nazaré ni mji wa wavuvi. Kabla ya bandari kujengwa, mashua zilisukumwa baharini kutoka mchangani kupita mawimbi yanayovunjika, na familia zilisimama ufukweni kutazama kama zitarudi. Wanawake wajane waliovaa nyeusi ni sehemu ya sura ya mji ule, kama zilivyo chanja za samaki wanaoanikwa juani. Kwa watu kama hao Praia do Norte palikuwa mahali pa kuogopwa. Mwenyeji mmoja, Dino Casimiro, ndiye aliyempelekea Garrett McNamara wa Hawaii picha za mawimbi yale na kumwalika. McNamara alifika mwaka 2010, na Novemba 2011 aliteleza wimbi lililopimwa futi 78. Mji uliokuwa ukifunga maduka wakati wa baridi sasa hujaa wageni miezi hiyo hiyo.

11. Na Mavericks?

Iko Half Moon Bay, kusini mwa San Francisco: maji baridi, miamba mbele, papa weupe chini. Jeff Clark, kijana wa hapo, aliingia peke yake mwaka 1975 na kwa takriban miaka 15 hakupata mwenzake wa kudumu, kwani watu hawakuamini kwamba California ina wimbi kama hilo. Siku hizi pikipiki za majini haziruhusiwi pale kiholela, maana eneo ni hifadhi ya bahari. Hupata ruhusa katika miezi ya Desemba hadi Februari, wakati tahadhari rasmi ya mawimbi makubwa imetolewa.

12. Mengine ya kuyajua ni yapi?

Pe'ahi, Maui (swali la 9). Teahupo'o, Tahiti, ambako wimbi si refu sana kwenda juu bali ni nene ajabu, na huangukia juu ya matumbawe yenye maji kidogo. Alichofanya Laird Hamilton pale tarehe 17 Agosti 2000 kiliwafanya watu wafikirie upya ni kitu gani kinawezekana. Cortes Bank, mlima uliozama kilomita 160 hivi kutoka pwani ya California, ambako hakuna nchi kavu inayoonekana. Mullaghmore ya Ireland. Shipstern Bluff ya Tasmania, wimbi lenye ngazi katikati ya uso wake. Punta de Lobos ya Chile. Dungeons ya Cape Town iko kwenye swali la 20.

## Vifaa na vipimo

13. Ubao wa mawimbi makubwa una tofauti gani?

Wa kutumia mikono ni mrefu, futi 9 hadi 11, mwembamba puani na mkiani, mnene katikati, ili upate mwendo mapema na usitikisike. Wa kuvutwa ni mfupi, takriban futi 6, na mara nyingi huongezewa uzito wa madini ya risasi. Wepesi ni hatari pale: uso wa wimbi una vijiwimbi vidogo vya upepo, na kwa kasi inayozidi kilomita 60 kwa saa kila kijiwimbi ni pigo la kutupa ubao hewani.

14. Wimbi hupimwaje wakati halikai?

Kwa picha. Wapimaji hutafuta kitu chenye urefu unaojulikana: kimo cha mtelezaji mwenyewe, urefu wa mguu wake kutoka goti hadi kifundo, au urefu wa pikipiki ya majini. Wakishapata kipimo hicho huhesabu ni mara ngapi kinaingia kati ya chini ya wimbi na mdomo wake. Ugumu uko kwenye kuamua chini ni wapi, maana uso wa wimbi hauishii kwenye mstari, hulala polepole hadi kuwa bahari. Pembe ya kamera nayo hudanganya. Siku hizi wanasayansi wa mawimbi huitwa kusaidia, lakini bado kila namba ina ubishi wake.

15. Rekodi ya dunia ni ipi?

Futi 86, yaani mita 26.21, ya Mjerumani Sebastian Steudtner, Nazaré, tarehe 29 Oktoba 2020. Guinness waliithibitisha mwaka 2022. Kabla yake ilikuwa ya Mbrazili Rodrigo Koxa, futi 80, Novemba 2017, hapo hapo Nazaré. Ya wanawake ni ya Maya Gabeira, futi 73.5, Februari 2020 (swali la 18).

## Hatari na usalama

16. Mtu akianguka, nini kinatokea?

Kwanza ni kipigo: maji kwa kasi ile ni magumu, yanavunja mbavu na kuchomoa bega. Kisha mdomo wa wimbi humchukua, humpandisha na kumtupa tena. Halafu huja sehemu wanayoiogopa zaidi, kushikiliwa chini. Anaweza kusukumwa mita kadhaa, masikio yakapasuka, na palivyo giza asijue juu ni wapi. Kupigana na maji ni kuchoma hewa aliyo nayo, kwa hiyo hufundishwa kulegea, akinge kichwa, asubiri wimbi limwachie.

Anapofika juu mara nyingi hakuti maji, anakuta povu. Povu ni nusu hewa: halimbebi vizuri na mikono haipati cha kushika. Na mawimbi yanakuja kwa makundi, sekunde 15 hadi 20 kati ya moja na jingine. Akichelewa kuvuta pumzi, la pili linamkuta. Kushikiliwa na mawimbi mawili mfululizo ndiko kunakoua.

17. Kuna waliokufa? Na wengine wanaponaje?

Wapo. Mark Foo, mmoja wa mabingwa wakubwa wa Hawaii, alisafiri usiku kucha kwenda Mavericks na kufa siku aliyofika, tarehe 23 Desemba 1994, kwenye wimbi ambalo halikuwa kubwa kwa viwango vyake. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, Donnie Solomon alifia Waimea. Sion Milosky alikufa Mavericks mwezi Machi 2011. Mbrazili Márcio Freire, mmoja wa waanzilishi wa kutumia mikono Pe'ahi, alifia Nazaré mwezi Januari 2023.

Wengine wanapona kwa sababu ya kazi ya waokoaji. Brian Keaulana na wenzake wa Hawaii ndio walioifanya pikipiki ya majini kuwa chombo cha uokoaji, wakafunga nyuma yake godoro gumu lenye vishikio ambalo majeruhi huburutwa juu yake. Shane Dorian, baada ya kukaribia kufa Mavericks mwaka 2010, alishirikiana na kampuni iliyomdhamini kutengeneza fulana yenye mtungi mdogo wa gesi: unavuta kamba, fulana inajaa, inakupandisha. Kifo cha Milosky kilizaa mafunzo ya pamoja ya kuokoa na kuhuisha pumzi, ambayo sasa yametolewa nchi nyingi.

Mazoezi yao ya kila siku ni kushika pumzi, kuogelea, na lile la zamani la Hawaii la kubeba jiwe zito na kukimbia nalo chini ya maji. Wanaofanya hilo la mwisho hawalifanyi bila mtu wa kuwatazama. Nawe usilifanye peke yako, hata kwenye bwawa: mtu anayeshika pumzi huzimia bila dalili.

## Watu na desturi

18. Wanawake wana nafasi gani?

Wamekuwepo tangu zamani, walichokosa ni kutambuliwa. Linda Benson wa California aliteleza Waimea mwaka 1959 akiwa na miaka 15. Sarah Gerhardt aliingia Mavericks mwaka 1999. Hata hivyo mashindano yaliendelea kuwa ya wanaume kwa miaka, hadi Bianca Valenti, Keala Kennelly, Paige Alms na Andrea Moller walipounda kamati na kwenda kudai haki mbele ya mamlaka ya pwani ya California. Alms alishinda shindano la kwanza la wanawake Pe'ahi mwaka 2016. Mwaka 2018 ligi ya dunia ilitangaza zawadi sawa kwa wote. Shindano la Eddie lilipofanyika mwaka 2023, wanawake nao waliingia majini.

Habari ya Maya Gabeira wa Brazili inafaa kusimuliwa peke yake. Oktoba 2013 alianguka Nazaré, akavunjika mguu karibu na kifundo, akazimia majini. Mwenzake Carlos Burle alimvuta hadi ufukweni, na hapo mchangani akahuishwa kwa kusukumwa kifua. Wapo mabingwa waliosema hadharani kwamba hakustahili kuwa pale. Alifanyiwa upasuaji wa mgongo zaidi ya mara moja, akarudi, na Januari 2018 aliteleza wimbi la futi 68 pale pale. Hata rekodi yenyewe ilibidi aidai kwa kukusanya saini za watu mtandaoni. Miaka miwili baadaye aliteleza la futi 73.5, na msimu ule hakuna mwanamume aliyepimwa la kumzidi.

19. Kuna adabu gani majini?

Aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kuvunjika ndiye mwenye wimbi. Mgeni hasogei mbele ya wenyeji. Mwenzako akianguka, wimbi lako zuri linaweza kungoja. Hawaii wanazingatia sana wazee: shindano la Eddie hufunguliwa kwa dua ya Kihawaii na familia ya Aikau ikiwa mbele, iwe mawimbi yatakuja msimu huo au hayatakuja.

Mmoja wao akifa, wenzake huingia baharini na mbao zao, hufanya duara, hushikana mikono, hutupa maua katikati na kurusha maji juu wakiliita jina lake. Wakati mwingine majivu yake humwagwa hapo.

Wanaouliza kama watu hawa ni wendawazimu wasome tena swali la 8 na la 17. Ninachokiona mimi ni watu wanaoifahamu bahari kuliko wengi wetu, na waliojifunza kwanza kuwatoa wenzao majini.

## Afrika na pwani yetu

20. Afrika ina mawimbi makubwa?

Ndiyo, Afrika Kusini hasa. Dungeons iko Hout Bay, Cape Town, nyuma ya mlima uitwao Sentinel. Hupokea dhoruba za bahari ya kusini moja kwa moja, maji ni baridi, na mahali penyewe pana sili na papa. Grant Baker, anayejulikana kwa jina la Twiggy, ni Mwafrika Kusini aliyeshinda shindano la Mavericks mwaka 2006 na tena 2014, na amekuwa bingwa wa dunia wa mawimbi makubwa zaidi ya mara moja.

21. Mbona sisi Kenya na Tanzania hatuna?

Dhoruba kubwa ziko mbali kusini, na Madagaska inakinga sehemu ya mawimbi yanayopanda kuja kwetu. Yanayofika hukutana na mwamba wa matumbawe ulioizunguka sehemu kubwa ya pwani, yanavunjika kule nje, na ndani panabaki maji ya kuvulia na kuogelea. Kusi likivuma bahari inachafuka kweli, na nahodha hawezi kudharau milango ya mwambani wakati huo, ila hayo ni mawimbi ya upepo, mafupi na ya fujo (swali la 2). Upepo huo huo ndio unaowafaa wanaovutwa na tiara kule Diani na Paje.

22. Mtoto wangu anataka kuanza. Aanzie wapi?

Aanze kuogelea, si kwenye bwawa tu bali baharini, hadi aweze kurudi ufukweni bila ubao. Kisha mawimbi ya kiunoni, ubao laini, na mtu mzima anayejua mahali hapo. Hao mabingwa wote walipita miaka mingi kwenye mawimbi madogo kabla ya kugusa la futi 20.

## Maswali ya pembeni

23. Mchezo huu uko kwenye Olimpiki?

Kuteleza mawimbini kumo tangu michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, lakini mawimbi makubwa hayamo, kwa kuwa hayapangiki kwa ratiba. Mwaka 2024 Ufaransa ilipeleka mashindano hayo Teahupo'o, ambako wimbi ni zito hata likiwa la kawaida.

24. Wimbi la mita 30 linawezekana?

Bahari inayazalisha. Kuteleza juu yake ndiyo kazi. Mwaka 2024 timu ya Steudtner ilitangaza kupima kwa droni wimbi lake la Nazaré la mita 28.57. Kikwazo kikubwa sasa ni mwendo: ubao ukifika kasi fulani huanza kutetemeka na upepo kuingia chini yake, na ndiyo maana yeye amefanya kazi na wahandisi wa magari kupima mbao zake kwenye chumba cha upepo.

25. Naweza kwenda kutazama?

Nazaré ndiyo rahisi kuliko zote: rasi iko juu ya wimbi lenyewe, na ukiwa kwenye ngome unasikia jiwe likitetemeka chini ya miguu. Nenda kati ya Oktoba na Machi, fuatilia utabiri, na uwe tayari kubadilisha tarehe, maana siku kubwa ni chache kwa msimu. Vaa nguo za baridi na mvua. Siku hizo usiteremke mchangani Praia do Norte hata ukiona wengine wapo kule: ufukwe una mteremko mkali, na maji hupanda juu kuliko yalipoishia dakika tano zilizopita.